Nasoma Baiolojia ya kidato cha nne mtandaoni, video naelewa ila majaribio ya kuandika nafeli. Nakosea wapi?

Chipukizi_wa_Jioni

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nimejisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baiolojia naisoma mtandaoni: video zilizorekodiwa, notisi za PDF, na mwisho wa kila mada kuna maswali ya kuchagua. Ya kuchagua napata 8 au 9 kati ya 10. Nikifanya jaribio la maswali ya kujieleza, sivuki 38 kati ya 100, na video zote nimeangalia, nyingine mara mbili.

Natumia simu tu, mchana niko kazini, nina kama saa 6 kwa wiki. Naomba mnisaidie: nisomeje ili nikikaa mbele ya karatasi niweze kuandika? Kiingereza nacho kinanivuruga, mambo nayajua kwa Kiswahili lakini nikiandika yanageuka. Na vitendo nifanyeje wakati sina maabara?

---

Hadubini

Karibu sana. Hiyo 38 isikutishe. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani (NECTA) ni D, na C inaanzia 45. Alama 7 unaweza kuzipata kwa kubadili namna ya kusoma, kabla hujaongeza hata saa moja.

Tatizo linaonekana kwenye namba ulizotuwekea. Swali la kuchagua linakuletea jibu mbele ya macho, wewe unalitambua tu. Swali la kujieleza linakupa karatasi tupu, jibu ulitoe mwenyewe. Na video inazoesha kutambua. Mwalimu anachora, anaeleza, yote yanaingia, unanyanyuka ukijua umeelewa. Umeelewa kweli, ila hujawahi kukitoa ulichoelewa hata mara moja.

Kwa hiyo fanya hivi kwa kila mada ndogo. Angalia kipande cha dakika 8 hadi 10 bila kuandika chochote. Simamisha, geuza simu kifudifudi, kisha kwa dakika 5 andika yote unayokumbuka pamoja na mchoro. Rudi kwenye video au kitabu, na kwa kalamu ya rangi nyingine jazia ulichosahau na kata ulichokosea. Ile rangi ya pili ndiyo ya kusoma wiki ijayo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha usichokijua. Wengi wanaandika huku video inaendelea: mkono unanakili, akili imepumzika.

Kisha rudia mada hiyo kesho yake, baada ya siku 3, baada ya wiki, na baada ya wiki 3, kila mara ukianza na karatasi tupu. Kusoma notisi tena na tena kunakurudisha kulekule kwenye kutambua. Kama ratiba ya kurudia inakushinda, weka AnkiDroid kwenye simu. Ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Kadi iwe na swali moja na jibu fupi, na swali liulize sababu. "Vena ni nini?" ni kadi dhaifu. "Kwa nini vena zina vali?" ni kadi nzuri, maana inakulazimisha useme kwamba presha ya damu kwenye vena ni ndogo, hivyo vali zinazuia damu isirudi nyuma. Kadi mpya zisizidi 10 kwa siku. Ukiweka 40 kwa hamasa ya siku ya kwanza, baada ya wiki mbili kadi za kurudiwa zitakuwa mlima na utaiacha programu.

Saa zako 6 zigawe hivi: siku 4 za dakika 45 kwa mada mpya, siku 2 za dakika 30 kwa kurudia, na saa 2 za mwisho wa wiki kwa kuandika majibu kwa saa ya ukutani. Hizo saa 2 usiziguse kwa kitu kingine. Nadharia ni saa 3 kwa alama 100, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 10 lina dakika 18, na ndani yake kuna kulisoma na kupanga jibu.

Ya kusahihishia unayo bure. Kwenye tovuti ya NECTA kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Zinaonyesha swali, kilichotakiwa, watahiniwa walipokosea, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wao wenyewe. Jibu swali kwanza, ndipo ufungue taarifa ujisahihishe. Ukiifungua kwanza, imegeuka notisi nyingine tu.

Utakapojisahihisha utagundua alama nyingi zinapotea kwa kutojibu kilichoulizwa. Swali la kutaja linataka orodha, ukiandika aya nzima umekula muda bila alama ya ziada. La kueleza linataka jambo na sababu yake: "kuta za alveoli (vifuko vya hewa vya mapafu) ni nyembamba" ni nusu ya jibu, nusu nyingine ni "hivyo gesi zinasafiri umbali mfupi, zinapita haraka". La kutofautisha linataka pande zote mbili kwa kigezo kilekile. Chukua mitosisi na meosisi, njia mbili za seli kugawanyika. Mtu anaandika "mitosisi hutoa seli mbili, meosisi hutokea kwenye korodani na ovari". Sentensi zote mbili ni za kweli na hakuna tofauti iliyotajwa, kwa sababu moja ni idadi na nyingine ni mahali. Jibu ni: mitosisi hutoa seli 2, meosisi hutoa seli 4. Mitosisi kwa binadamu hubakiza kromosomu 46, meosisi huzipunguza kuwa 23.

---

Mwl_Rozela

Hadubini amemaliza upande wa mbinu. Mimi niingie kwenye lugha, maana hapo ndipo wanafunzi wa kujisomea wanapoumia na hakuna wa kuwaambia.

Mara nyingi tatizo halianzii kwenye Kiingereza. Kiswahili cha kila siku kinabeba vitu viwili au vitatu vya kibaiolojia ndani ya neno moja. Mtaani hakuna shida, tunaelewana. Ila ukifikiri kwa neno hilo halafu ukaligeuza kwenye karatasi, unaandika kitu kingine kabisa. Chukua daftari, andika haya:

Mshipa. Tunauita hivyo ateri, vena, kapilari, neva, na hata tendoni inayounganisha msuli na mfupa. Kwenye Baiolojia hivyo ni vitu vitano vyenye kazi tofauti. Usiandike neno hili kwenye notisi zako. Andika ateri, vena au neva, tangu siku ya kwanza.

Kupumua. Kuingiza na kutoa hewa kifuani ni jambo moja. Kuvunjwa kwa glukosi ndani ya seli ili kupata nishati, yaani respiresheni, ni jambo jingine. Ukiulizwa respiresheni ukaeleza mbavu na diaframu, umekosa swali zima. Na hapohapo kuna kosa la pili, kwamba mimea "inapumua usiku tu". Respiresheni ya mmea inaendelea usiku na mchana. Mchana usanisinuru unaizidi, ndiyo maana oksijeni inaonekana ikitoka.

Mdudu. Buibui, tandu, jongoo, kupe, wote tunawaita wadudu. Mdudu wa kibaiolojia ana miguu 6 na mwili wa sehemu 3. Buibui ana miguu 8 na sehemu 2, kwa hiyo yuko ngeli nyingine. Na "wadudu wa malaria" ni plasmodiamu, kiumbe wa seli moja wa himaya ya Protoktista. Mdudu wa kweli hapo ni mbu anayembeba.

Chakula cha mmea. Mbolea si chakula cha mmea. Mmea unajitengenezea chakula, glukosi, kwa maji na kabonidioksidi. Mbolea inaleta madini: nitrojeni kwa ajili ya protini, magnesi kwa ajili ya klorofili.

Mbegu. Mbegu ya kiume ni seli moja, gameti, yaani seli ya uzazi. Mbegu ya harage ina mmea mchanga ndani, akiba ya chakula na ganda. Usizilinganishe.

Damu chafu. Ondoa kabisa. Ni damu yenye oksijeni kidogo. Tena ukishazoea kwamba "vena hubeba damu chafu", utakosa swali la mapafu, kwa sababu vena ya mapafu inarudisha moyoni damu yenye oksijeni nyingi, na ateri ya mapafu inapeleka yenye oksijeni kidogo. Ateri inatambulika kwa kutoa damu moyoni, vena kwa kuirudisha.

Uchafu wa mwili. Mkojo, jasho na kabonidioksidi vinatokana na kazi za seli, kwa hiyo ni takamwili. Kinyesi kwa sehemu kubwa ni chakula kisichomeng'enywa, hakijawahi kuingia ndani ya seli. Ukitaja utumbo mpana kama kiungo cha kutoa takamwili, utakatwa.

Ongeza mengine kadiri unavyokutana nayo. Uyoga si mmea, una himaya yake, Fangasi. Nyangumi na popo ni mamalia.

Daftari lako ligawe kurasa mbili mbili. Kushoto eleza dhana kwa Kiswahili chako mwenyewe mpaka mdogo wako aelewe. Kulia andika sentensi kamili ya Kiingereza ya jibu, si neno mojamoja. Ya kukariri ni ya kulia, lakini usiikariri kabla ya kuweza kuandika ya kushoto bila kuangalia. Weka na ukurasa wa maneno yanayofanana: glukosi, glikojeni, glukagoni. Ya kwanza ni sukari iliyo kwenye damu, ya pili ni akiba yake kwenye ini, ya tatu ni homoni inayoamuru akiba ivunjwe sukari inaposhuka. Vivyo hivyo ureta (mrija wa figo hadi kibofu) na yurethra (wa kibofu hadi nje), mitosisi na meosisi. Kwa maneno haya kosa la herufi moja au mbili linakupeleka kwenye kitu kingine, na msahihishaji hawezi kukukisia.

---

Kioo_cha_Saa

Nitajibu la vitendo.

Jambo la kwanza halina uhusiano na kusoma. Nenda kwenye kituo ulichosajiliwa uulize kama kina maabara, watahiniwa wa kujitegemea mtafanya vitendo vya aina gani, na kama wanaruhusu mazoezi kabla ya mtihani hata kwa malipo kidogo. Usisubiri Oktoba. Saa tatu au nne za mazoezi ya mkononi zinazidi video ishirini.

Mambo yanayoweza kufanyika jikoni bila hatari ni haya.

*Osmosisi*, yaani maji kupita kwenye utando wa seli. Menya kiazi mviringo kibichi, kata vipande 4 vya urefu wa milimita 50 na unene wa milimita 5 kila upande. Viwili weka kwenye maji ya kawaida, viwili kwenye maji ya chumvi: kijiko cha chai kimoja kilichojaa kwenye mililita 100. Baada ya dakika 45 vikaushe, pima urefu, jaribu kuvikunja. Vya kwenye maji vitakuwa vigumu na virefu kidogo, vya kwenye chumvi vitalegea na kufupika. Ukiacha ganda, maji hayapiti vizuri na matokeo yanapotea. Ukikata unene tofauti huwezi kulinganisha. Ongeza kipande cha tano kilichochemshwa, ukiweke kwenye maji. Hakitakakamaa, kwa sababu joto limeharibu utando wa seli. Hicho ndicho kinachoonyesha kwamba osmosisi inahitaji utando mzima unaopitisha maji na kuzuia chumvi, na ni hoja inayopendwa sana kwenye mtihani.

*Wanga.* Iodini ya vidonda ya duka la dawa, matone 10 kwenye vijiko vinne vya maji. Dondosha kwenye kiazi, ugali uliopoa, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva sana. Andika "bluu-nyeusi", usiandike "nyeusi". Kitu kikiwa cha moto rangi haitokei au inapotea, subiri kipoe. Ulivyopima usile.

Jaribio la wanga kwenye jani usilifanye nyumbani. Linahitaji kuchemsha spiriti ili kutoa klorofili, na spiriti inashika moto. Hata maabara inachemshwa ndani ya bika la maji ya moto, mbali na mwali. Biureti, kipimo cha protini, nayo ina sodiamu haidroksaidi inayounguza ngozi na macho. Hivyo viwili ni vya maabara tu.

Kwenye utambuzi wa sampuli, sababu unazotoa ziwe zinazoonekana kwenye sampuli iliyo mbele yako. Ukipewa panzi aliyekufa, "anataga mayai" haionekani. "Ana jozi 3 za miguu yenye maungio" inaonekana. Jina la kisayansi likiandikwa kwa mkono, jenasi inaanza na herufi kubwa, spishi herufi ndogo, na kila neno linapigiwa mstari wake: kwa mahindi, Zea kivyake, mays kivyake.

Michoro: penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, hakuna kivuli. Mistari ya majina ichorwe kwa rula, isikatane, isiwe na vichwa vya mshale, na iguse sehemu yenyewe. Kichwa cha mchoro kiwepo. Ukiulizwa ukuzaji, gawa urefu wa mchoro kwa urefu halisi, vipimo vyote viwe milimita. Mharage wa milimita 15 ukiuchora milimita 60, ukuzaji ni mara 4, na jibu halina kizio.

---

Chipukizi_wa_Jioni

Asanteni sana wakuu. Mwalimu Rozela, nimefungua jaribio langu la mwisho, kweli kwenye respiresheni nimeeleza mapafu ukurasa mzima.

Maswali mawili. Bando linaisha haraka, je nikiangalia video kwa 144p nitakosa kitu? Na kuna kundi la mtandaoni linasema nisome mada chache tu zinazotoka kila mwaka, kwa mfano jenetiki na usafirishaji, nyingine niache. Ni sawa?

---

Mzizi_Mrefu

Bando: pakua usiku kwa bando la usiku, kwa 360p. Kwa 144p herufi za kwenye michoro hazisomeki, na kwenye Baiolojia mchoro ni nusu ya somo. Ukikuta mchoro muhimu piga skrinishoti, kisha uchore kwa mkono bila kuangalia. Ukichora moyo, kumbuka upande wa kushoto wa moyo uko kulia kwako kwenye karatasi. Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Kwa mambo yasiyoonekana kwa macho, kama uteuzi asilia, tovuti ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina maonyesho ya kuchezea. Faili linapakuliwa mara moja, baada ya hapo linafunguka bila intaneti.

Kuchagua mada: usifuate. Mada zinashikana. Mtu aliyeruka muundo wa seli anakwama kwenye osmosisi, akikwama hapo haelewi figo, na haelewi mmea unavyonyonya maji. Meosisi ukiiacha, jenetiki unabaki nayo kama mchezo wa herufi. Chapa muhtasari rasmi wa somo, weka kwenye kila mada alama moja kati ya tatu: naandika bila kuangalia, naandika nusu, siwezi. Muda zipe kwanza mada za "naandika nusu", ndiko alama za haraka ziliko. Na kwa kuwa mtaala umebadilishwa, hakikisha muhtasari ulionao ndio utakaotahiniwa mwaka wako. Video nyingi hazisemi zinafuata upi.

Kwenye jenetiki kuna kosa moja la kujihadhari nalo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa selimundu, AS na AS, jedwali la Punnett, la kuoanisha jeni za wazazi, linatoa AA 1 (mzima), AS 2 (wabebaji), SS 1 (mgonjwa). Usiandike "kati ya watoto wanne mmoja ataugua". Andika kwamba kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25. Watoto wanne wanaweza kuzaliwa wazima wote, na inawezekana wawili wakaugua.

---

Chipukizi_wa_Jioni

Nimeelewa. La mwisho kwa Kioo_cha_Saa: nimeangalia video tatu za kupima sukari kwa Benedict, kila moja inaeleza tofauti, hasa ya sukari ya mezani. Ipi sahihi?

---

Kioo_cha_Saa

Zinatofautiana kwa sababu ni vipimo viwili, na video nyingi zinavichanganya.

Glukosi inabadilisha Benedict moja kwa moja. Mililita 2 za sampuli, mililita 2 za Benedict, chemsha huku ukitikisa taratibu, mdomo wa testitubu usielekee mtu. Rangi inatoka bluu kwenda kijani, njano, machungwa, hadi mashapo mekundu ya tofali. Inaweza kusimama njiani kama sukari ni kidogo. Andika mfuatano ulioushuhudia, usiandike wa kitabuni.

Sukari ya mezani, sukrosi, haibadilishi Benedict mpaka ivunjwe. Chukua sampuli mpya mililita 2, weka mililita 1 ya haidrokloriki asidi hafifu, chemsha, poza. Sasa ondoa asidi kwa sodiamu haidroksaidi, au sodiamu haidrojeni kabonati mpaka povu likome. Ndipo uweke Benedict na kuchemsha tena. Hatua ya kuondoa asidi ndiyo inayorukwa zaidi, na Benedict haifanyi kazi kwenye asidi: utaona hakuna mashapo, utahitimisha hakuna sukari, na sukari ipo.

Anza na kipimo cha kwanza siku zote. Kikileta mashapo mekundu, cha pili peke yake hakithibitishi sukrosi, maana glukosi iliyokuwepo italeta rangi ileile. Hapo linganisha wingi wa mashapo kwa kiasi sawa cha sampuli.

Kwenye Biureti, ambayo utaikuta meza hiyohiyo: sampuli mililita 2, sodiamu haidroksaidi asilimia 10 mililita 1, kisha kopa salfeti asilimia 1 tone kwa tone ukitikisa. Usichemshe. Ukimwaga kopa salfeti nyingi, bluu yake inafunika zambarau ya protini. Mafuta, kwa Sudan III, tikisa kisha acha itulie kabla ya kuandika, tabaka jekundu linapanda juu.

Jedwali la ripoti lina safu nne: kilichopimwa, utaratibu, kilichoonekana, hitimisho. Utaratibu uandike kwa wakati uliopita na kwa kiasi. Kilichoonekana ni rangi tu. Kama hakuna badiliko, andika "rangi ya bluu ya Benedict ilibaki". Neno "glukosi" au "protini" liingie kwenye hitimisho pekee.